Inari, Oyama, Mitake au Konpira: mlima upi ukiwa na watoto na bibi yao?

Mama alipopata viza ya siku 90 kuja kututembelea Japani, hakuuliza habari za baridi wala za chakula. Aliuliza: "Kule kwenye malango mekundu, mie ntafika?" Picha alikuwa ameiona Tanga, kwenye simu ya jirani. Ana miaka 68, goti la kushoto linamsumbua, na ukimshika mkono kumsaidia anaukunjua taratibu na kuurudisha mfukoni. Upande wa pili nina watoto wawili: mmoja ana miaka 9, anaparamia ngazi kama paka, mwingine ana miaka 3, akichoka hukaa katikati ya njia na kutangaza kwamba miguu imekufa.

Kati ya Oktoba na mwanzo wa Desemba tulipanda milima minne yenye mahekalu ya Shinto: Inari huko Kyoto, Konpira kisiwani Shikoku, kisha Mitake na Oyama ambayo iko karibu na Tokyo. Tangu hapo ndugu na marafiki wanaoleta wazazi wao huniuliza waende wapi. Jibu langu hutegemea goti la mkubwa na subira ya mdogo kuliko uzuri wa mahali, maana uzuri upo kote kunne.

Neno moja kwanza. Hekalu la Shinto kwa Kijapani huitwa jinja, na mwanangu mkubwa alicheka sana bibi yake aliposema Jinja anaijua, iko Uganda, Mto Nile unaanzia hapo. La Kibudha huitwa tera. Milimani mara nyingi utavikuta vyote viwili jirani, kwa kuwa kwa karne nyingi dini hizi zilichangamana, hadi serikali ya Meiji ilipoamuru zitenganishwe mwaka 1868. Ukiona lango la torii, nguzo mbili na boriti mbili za kulala juu yake, unaingia jinja.

Hesabu ngazi zilizobaki

Kosa letu la kwanza lilikuwa kulinganisha milima kwa urefu. Inari una mita 233 tu, Konpira umepita kidogo mita 500, Mitake 929, Oyama 1,252. Ukiangalia namba hizo utadhani Inari ndio wa wazee na Oyama ni wa vijana wa mbio. Sivyo. Mitake na Oyama ina kebo, yaani behewa linalovutwa kwa waya juu ya reli, na linakubeba sehemu kubwa ya mlima kwa dakika kama 6. Inari na Konpira hakuna kebo; kila hatua ni yako. La kuuliza ni hili: baada ya basi, treni na kebo kukufikisha mwisho wake, ngazi zilizobaki ni ngapi, na je, unaweza kuishia katikati bila kujiona umekosa safari?

Konpira ngazi ni 785 hadi hekalu kuu, na 1,368 ukitaka kufika hekalu la ndani. Oyama zipo 362 kabla ya kebo, kisha nyingine za mwinuko mkali ukishashuka kwenye kebo. Mitake ni barabara ya lami yenye milima na mabonde kwa dakika 25 hadi 30, halafu ngazi 330 za mwisho. Inari hesabu ya ngazi haisaidii sana kwa sababu njia ni mzunguko wa kilomita kama 4, saa mbili hadi tatu, na unaweza kugeuza popote.

Na usisahau kurudi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: goti la mama halikulalamika hata mara moja wakati wa kupanda. Kilio kilikuja wakati wa kuteremka.

Inari

Fushimi Inari Taisha inasemekana iliasisiwa mwaka 711. Ni rahisi kufika kuliko zote: kutoka stesheni ya Kyoto unapanda treni ya JR ya kwenda Nara, dakika 5 hivi, unashuka kituo cha Inari na lango la kwanza liko mbele ya uso wako. Hakuna kiingilio, na hakufungwi, mchana wala usiku. Kwa familia yenye asubuhi moja tu Kyoto, huna haja ya kufikiri mara mbili.

Malango mekundu yako maelfu kwa maelfu mlima mzima. Inatajwa idadi kama 10,000. Ukipanda huoni kitu ila wekundu. Geuka nyuma, ndipo utaona maandishi meusi: nguzo moja ina tarehe, nyingine ina jina la aliyelitoa, mara nyingi kampuni au duka. Inari ni mungu wa mpunga na wa biashara, na malango ni shukrani za waliofanikiwa, au maombi ya wanaotaka kufanikiwa. Mwanangu mkubwa, aliyesoma shule ya huku, alimsomea bibi yake majina: huyu wa pombe ya sake, huyu wa mabati, huyu wa keki. Mama akasikiliza hadi la tano, akasema, "Basi huu ni ubao wa matangazo." Sikuwa na la kumjibu.

Mbweha wa mawe wamejaa, kwa kuwa ndio wajumbe wa Inari. Tazama midomo yao: mmoja ameshika ufunguo, mwingine suke la mpunga, mwingine gombo, mwingine kito. Kwa mtoto wa miaka 3 mchezo wa kutafuta mbweha mwenye ufunguo ulitununulia dakika 40 bila kilio. Nyuma ya handaki la malango yaliyobanana kuna mawe mawili ya mviringo juu ya nguzo: unanuia jambo, unanyanyua jiwe, likiwa jepesi kuliko ulivyodhani litatimia. Mama hakunuia chochote, alinyanyua tu kupima nguvu zake.

Tatizo la Inari ni watu. Mara ya kwanza tulifika saa tano asubuhi. Mtoto begani, mama katikati ya bega za wageni, kila baada ya hatua mbili mtu amesimama kupiga picha. Tukarudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu alfajiri, tukawa sisi na wazee wa mtaa wanaofanya mazoezi. Kama huwezi kuwaamsha watoto mapema, mlima huu uache. Siku tatu za kwanza za Januari usithubutu kabisa: huja watu kwa mamilioni kufungua mwaka.

Mama alifika Yotsutsuji, njia panda ya katikati inayoangalia mji wa Kyoto, kwa dakika kama 50 na mapumziko manne. Tukanywa chai, tukateremka. Juu zaidi mandhari haibadiliki sana, na kilele chenyewe hakina la kuona mbali. Kuishia pale si kushindwa. Vyoo ni vichache njiani, na soda kwenye mashine hupanda bei kadiri unavyopanda mlima, kwa hiyo beba maji kutoka chini.

Konpira, kwa watu wa bahari

Nitaisema kwa ufupi kwa sababu wengi wenu hamtaifikia: ni saa moja hivi kwa treni ya haraka kutoka Okayama, kupitia daraja kubwa la Seto lililofunguliwa 1988, na ngazi zake zinaumiza. Lakini kama mzazi wako katoka pwani na ana miguu, ningeitaja kwanza.

Kotohira-gu, au Konpira-san kama wanavyoiita kwa mapenzi, ni hekalu la wasafiri wa baharini. Zamani mabaharia waliopita mbali na hapo, wasioweza kutia nanga, walitupa pipa baharini likiwa na sadaka na bendera ya Konpira. Aliyeliokota ilikuwa ni bahati kwake, na kazi yake ikawa kulifikisha mlimani. Mama aliniambia nimrudie kisa hicho mara mbili. Babu yetu alikuwa nahodha wa mashua ya kwenda Pemba, na nadhani alikuwa akimuwaza. Juu kuna banda lenye picha za meli zilizotolewa kushukuru salama: za mbao, za chuma, za uvuvi, za jeshi. Alikaa pale nusu saa, na hakuuliza tena ngazi zimebaki ngapi.

Kisa kingine watoto walikipenda: enzi za Edo, kabla ya Meiji, mgonjwa au mzee asiyeweza safari alimtuma mbwa, kafungwa kifuko shingoni chenye pesa na jina la mwenyewe. Wasafiri wa njiani walimlisha na kumpokezana hadi hekaluni.

Maduka ya chini huazima fimbo za mianzi. Chukua, hata kama mzee anakataa. Mama aliikataa, nikaichukua mimi, na kufika ngazi ya 300 hivi ilikuwa mkononi mwake. Sehemu nyingi za njia zina maduka pande zote na mahali pa kukaa, jambo linalozifanya ngazi 785 kuwa za kibinadamu kidogo. Mdogo alipandishwa mgongoni kwa mbeleko. Kigari cha mtoto kiache hotelini, hapa na kwenye milima yote minne.

Mitake na Oyama: hapa ndipo watu hukwama

Wakazi wa Tokyo na wageni wao huulizana hizi mbili, maana zote ni za kwenda na kurudi siku moja, zote zina kebo, zote zina miti mikubwa. Kwangu mimi zinatofautiana sana.

Oyama uko Isehara, mkoa wa Kanagawa. Kutoka Shinjuku, jijini Tokyo, ni treni ya Odakyu saa moja hivi, basi nusu saa, kisha ule mtaa wa ngazi 362 uitwao Koma-sando. Koma ni pia, ile ya mti ya kuchezea watoto. Ndiyo kumbukumbu ya Oyama tangu zamani. Pia njema inazunguka vizuri, na huaminiwa kuleta bahati ya pesa nazo kuzunguka vizuri. Kwenye vituo vya ngazi kuna vigae vyenye picha ya pia, watoto wakawa wanakimbilia kigae kinachofuata huku bibi yao anapumua dukani. Mwenye duka mmoja, mzee kuliko mama, aliisokotea pia kamba, akaitupa, akaidaka ikizunguka kiganjani. Mama akaiomba. Ikaanguka. Akaiomba tena, ikazunguka. "Sisi tulichonga kwa mpera," akamwambia kwa Kiswahili, na yule mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Chakula cha Oyama ni tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, kwa sababu ya maji ya mlima, na mtaa una mikahawa ya tofu ya kila namna: ya moto kwenye sufuria, ya ufuta, ya kukaanga. Kwa asiyekula nguruwe ni nafuu kubwa. Ila uliza habari za mirin, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, maana huingia kwenye mchuzi wa karibu kila kitu Japani, na kutokuwepo kwa nyama hakumaanishi hakuna pombe. Mama alikula tofu baridi kwa chumvi na tangawizi, akasema inafanana na maziwa yaliyokasirika.

Hekalu la chini la Oyama, liitwalo Afuri, liko mita 700 hivi, uwanja wake umekabili Ghuba ya Sagami, na siku safi unaiona bahari yote mpaka kisiwa cha Enoshima. Oyama ni mlima wa mvua: wakulima waliuomba mvua, na mafundi na wazima moto wa Edo, jina la zamani la Tokyo, walipanda makundi makundi wakiwa wamebeba panga kubwa za mbao kuzitoa hekaluni. Kilele halisi ni saa moja na nusu zaidi ya kupanda mawe na mizizi. Mwachie baba na mtoto mkubwa, au muache kabisa. Mwisho wa Novemba maple, miti ile ya majani ya vidole, huwaka rangi nyekundu kwenye ngazi za Oyamadera, hekalu la Kibudha lililo kituo cha kati cha kebo. Pendeza inapendeza, lakini foleni ya kebo siku ile tuliisubiri zaidi ya saa moja, mdogo akalala mgongoni na mama akakaa juu ya begi langu.

Mitake ni mbali zaidi: saa moja na nusu au zaidi kutoka Shinjuku, mara nyingi unabadilisha treni Ome, kisha basi dakika 10, kisha kebo inayopanda kutoka mita 407 hadi 831. Kinachoutofautisha na mingine yote ni kwamba juu kuna kijiji. Watu wanaishi huko, na nyumba za wageni zaidi ya 20 zinapokea mahujaji kama zilivyofanya tangu zamani. Nyingi zinaendeshwa na familia za makuhani. Kwa hiyo mzazi mwenye goti hahitaji kupanda na kushuka siku moja. Tulilala kwenye magodoro juu ya mikeka ya tatami, tukala chakula cha jioni mapema, na usiku taa za jiji la Tokyo zilimetameta mbali chini yetu kama dagaa wameanikwa. Asubuhi, kabla kebo ya kwanza haijaleta watu, tulizimaliza zile ngazi 330 polepole, sisi peke yetu na mfagiaji. Hilo Oyama haikupi.

Lakini Mitake ina mbwa. Mlinzi wa Musashi Mitake, hekalu la huko juu, ni mbwa mwitu, ambaye kwa hadithi alimwongoza mwanamfalme Yamato Takeru alipopotea kwenye ukungu, naye huitwa Oinu-sama, yaani bwana mbwa. Basi watu huleta mbwa wao kuombewa. Kwenye kebo mbwa hulipiwa nauli yao, njiani wamo, uani wamo, wengine wamevalishwa koti. Mama, Muislamu wa Tanga mwenye udhu wake, alipanda ile kebo akiwa ameshika buibui kwa mikono miwili, roho juu, na pudo mweupe anamtazama kwa upendo. Siku ya kazi huwa wachache. Mwisho wa wiki ni wengi. Kama mzazi wako hapendi kuguswa na mbwa, nenda Oyama na usijadiliane. Kama watoto wako wanapenda mbwa, huhitaji sababu nyingine ya kwenda Mitake.

Kuomba au kutoomba

Kila familia ya kwetu hulifikia swali hili langoni, mara nyingi kwa kunong'ona. Hakuna anayekulazimisha. Wajapani wenyewe hufanya hivi: wanainama langoni, wanatembea kando ya njia kwa kuwa katikati ni pa mungu, wananawa kwa kata mkono wa kushoto, kisha wa kulia, wanasukutua kwa maji ya kiganjani bila kugusisha kata mdomoni, mbele ya hekalu wanatupa sarafu, ya yen 5 hupendwa kwa sababu jina lake linafanana na neno la kheri ya kukutana, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama tena. Anayetazama tu asimame pembeni, avue kofia, asikate foleni ya wanaosali. Mama alinawa mikono kwa furaha, akaniambia usafi ni wetu sote, kisha akaenda kukaa chini ya mti hadi tumalize. Watoto walining'iniza kibao cha mbao cha maombi. Mkubwa aliandika anataka baiskeli.

Novemba, hasa kuizunguka tarehe 15, utakuta watoto wa miaka 3, 5 na 7 wamevalishwa kimono, wamekuja kuombewa. Ni wakati mzuri wa kwenda na watoto, kwa kuwa hakuna anayekunja uso mtoto wako akipiga kelele.

Kwa hiyo

Asubuhi moja Kyoto: Inari, kabla ya saa moja, mwisho Yotsutsuji. Siku moja kutoka Tokyo na mzazi anayeweza ngazi 362 kwa mapumziko: Oyama, siku ya kazi. Mzazi mwenye goti baya na nyinyi mna usiku mmoja wa ziada: Mitake, ukipiga simu kwanza kwenye nyumba ya wageni kuuliza kama wanakuja kupokea mizigo. Mtu wa pwani mwenye miguu: Konpira, na fimbo.

Nauli isikutishe. Kwenye treni watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, na walio chini ya hapo hupanda bure, wawili kwa kila mtu mzima. Ila tazama saa ya kebo ya mwisho siku ile ile unayopanda, maana huondoka jioni mapema. Sisi tuliikosa Mitake siku ya kuondoka kwa sababu ya pia iliyosahaulika chini ya godoro. Tulishuka kwa miguu karibu saa moja na nusu, kwenye lami, chini ya mierezi mikubwa iliyopakwa namba. Watoto walizisoma namba kwa sauti hadi giza lilipowazuia, na mama akashuka kinyumenyume sehemu za mteremko mkali, ameshika mkono wangu kwa mara ya kwanza siku hizo 90.